Picha ya Katikati Ambayo Hakuna Aliyeipiga



Nimeombwa nizungumzie kitu ambacho wengi wenu mmeshakiona kwenye simu. Ni mandhari moja, iliyopigwa picha misimu tofauti, halafu picha zikaunganishwa hadi zikawa kitu kimoja kinachotembea. Nyasi zinanyauka, miti inapukutisha majani, kijani kinarudi, na mzunguko unaanza upya bila kikomo. Watu wanapenda sana. Mtu huangalia mara tatu nne, kisha humtumia shangazi yake. Nami napenda, nisije nikaeleweka vibaya. Lakini sehemu kubwa ya kile anachokitazama shangazi haikupigwa na kamera yoyote. Picha halisi zilizomo huenda ni nne tu. Zilizobaki, thelathini au hamsini, zimetungwa na kompyuta ili kuziba pengo kati ya picha moja na inayofuata. Na kwa misitu ya miombo inayotuzunguka hapa Tabora, picha hizo za kuziba pengo hudanganya kuliko zinavyodanganya kwingine. Ndiyo mada yangu.

Anayedhani mchezo huu umeletwa na simu janja ajue kwamba London ya karne ya 19 ilikuwa inaulipia kiingilio. Katika jumba la Royal Polytechnic Institution, lililofunguliwa mwaka 1838 katika mtaa wa Regent, watu walikaa gizani kutazama michoro ya kwenye vioo ikimulikwa hadi kwenye pazia kubwa kwa taa za maonyesho. Anayetajwa zaidi katika kuiendeleza kazi hiyo ni Henry Langdon Childe, mchoraji wa vioo. Miongoni mwa vilivyopendwa ni mandhari za misimu: kinu cha kusagia kando ya mto, majira ya joto, miti imesheheni majani. Polepole majani yanafifia, paa linaanza kuwa jeupe, na kinu kilekile kinabaki kimesimama katikati ya theluji.

Tazameni walivyofanya, maana hakuna tulichobadilisha sana. Walikuwa na taa mbili zilizoelekezwa mahali pamoja, na baadaye kifaa kimoja chenye lenzi mbili, moja juu ya nyingine. Kioo cha kwanza kilikuwa na kinu cha joto, cha pili kinu cha baridi, na mchoraji alihakikisha kila pembe ya paa na kila jiwe la ukingo vinaangukia mstari uleule. Mwanga ulitoka kwenye donge la chokaa lililochomwa kwa mwako wa gesi. Fundi alifunga koki ya gesi ya taa ya kwanza taratibu huku akifungua ya pili. Theluji iliyokuwa ikidondoka nayo ilikuwa na siri yake: kitambaa cheusi kilichotobolewa kwa pini, kikakunjwa kwenye vijiti viwili, kikazungushwa polepole mbele ya mwanga. Kila tundu likawa chembe ya theluji. Nikiwafundisha vijana wanaotaka kununua programu ya bei mbaya, huanza na kitambaa hicho.

Mafundi wale walikuwa na faida moja ambayo sisi tumeipoteza. Kwao, kilichochanganyika kwenye pazia kilikuwa mwanga wenyewe. Nusu ya mwanga wa taa hii ikikutana na nusu ya mwanga wa taa ile, jumla yake ni sahihi, hakuna hesabu ya kukosea. Kompyuta haichanganyi mwanga, inachanganya namba, na namba za picha hazipandi sawasawa na mwanga. Kila nukta ya picha, yaani pikseli, hupewa namba kuanzia 0 ya giza tupu hadi 255 ya weupe kamili. Mwambie mtu atafute katikati ya 0 na 255, atakuambia 128. Sasa 128 kwenye kioo cha simu hutoa kama sehemu moja ya tano tu ya mwanga wa weupe kamili. Nusu ya kweli ya mwanga iko karibu na 188. Ndiyo sababu fremu za katikati, yaani zile picha za kuziba pengo, za kazi nyingi mnazoziona huwa kama zimepitiwa na wingu. Dawa ipo: programu kadhaa, ikiwemo GIMP ambayo ni ya bure, zinaweza kuchanganya kwa kiwango cha mwanga badala ya namba ghafi. Wengi hawajui hata kama chaguo hilo lipo.

Lakini hilo ni kosa la kiufundi, linatibika kwa kubofya. Ninalotaka kulisema jioni hii halitibiki kwa kubofya.

Nina mahali pangu nje kidogo ya mji, penye jabali, na mbele yake miti ya mitundu imesimama kwa makundi hadi ukingo wa mbuga. Mtu akiniuliza msimu gani ni mzuri pale, namjibu kwamba swali lake limekuja na mizigo ya Ulaya, maana anategemea misimu minne na picha nne. Mwezi wa pili pale ni kijani kizito, na nyasi zinamfika mtu kiunoni. Mwezi wa sita nyasi zimegeuka rangi ya dhahabu lakini miti bado ina majani. Mwezi wa nane moto umeshapita, ardhi ni nyeusi, matawi yako wazi. Halafu, mvua ikiwa bado wiki kadhaa, vumbi likiwa ndilo linalotawala, miti huanza kuchipua. Na haichipui kijani. Inachipua nyekundu. Shaba, damu ya mzee, waridi, zambarau iliyokoza, mti huu hivi na jirani yake vile, kila mmoja na siku zake. Maafisa misitu waliomo humu wanaweza kuwaelezeni kuliko mimi: jani changa lina rangi nyekundu iliyotangulia, wakati kile kinacholipatia jani rangi ya kijani hakijajengeka vya kutosha. Mti hausubiri mvua, unatumia maji uliyoyahifadhi na yale ambayo mizizi inayafikia chini. Wafuga nyuki nao wanaujua wakati huo, kwa sababu mitundu hutoa maua pamoja na majani hayo mapya. Baada ya hapo wekundu unageuka kijani cha limau, kisha kijani cha kawaida, na mvua za Novemba zinakuta pori limeshavaa.

Sasa chukueni picha mbili, ya Agosti na ya Desemba, mpeni kijana mwenye kompyuta aziunganishe. Tuangalie nukta moja tu, iliyo kwenye kilele cha mti mmoja. Tuseme mwezi wa nane nukta hiyo ni tawi tupu: nyekundu 100, kijani 90, buluu 80. Mwezi wa kumi na mbili ni jani lililokomaa: nyekundu 70, kijani 110, buluu 50. Ukiomba nusu ya njia, programu inajumlisha na kugawa kwa mbili, inakupa 85, 100, 65. Ni zeituni iliyofubaa, rangi ambayo mti ule haujawahi kuivaa hata siku moja. Kipindi hicho, mwezi wa kumi, jani halisi lilikuwa na kitu kama nyekundu 170, kijani 80, buluu 60. Ongezeni fremu mnavyotaka, kumi, mia, elfu. Kati ya 100 na 70 hamtaipata 170. Kuchanganya hakutoki nje ya ncha zake mbili. Kilicho nje ya ncha hizo, kompyuta haikijui na haiwezi kukikisia.

Hapa kwetu basi jambo kubwa kuliko yote linalotokea porini kwa mwaka mzima linapotea lote, na linapotea kwa ulaini. Mtazamaji haoni mruko wa kumshtua. Anaona tawi likivaa kijani kwa utulivu, anaamini ndivyo miombo inavyofanya, na mwanafunzi wa Dar es Salaam ambaye hajawahi kufika Urambo wala Sikonge mwezi wa kumi atakua na imani hiyo. Picha nne zilizobandikwa ukutani bila kuunganishwa zisingemdanganya. Angeona pengo, angejiuliza kuna nini hapo kati. Ule ulaini ndio unaoziba swali.

Huko Ulaya, pengo si kubwa hivyo. Mwaka 2008 Mnorwe Eirik Solheim alitoa video aliyoiita kwa maana ya mwaka mmoja katika sekunde 40, iliyopigwa kutoka kwenye roshani yake mjini Oslo. Ilisambaa dunia nzima, na ilistahili. Miti yake inatoka kijani kwenda manjano, inabaki mitupu, inafunikwa na theluji, inarudi kijani. Kwa mtu mwenye picha za mwaka mzima mkononi, hatua moja na inayofuata hupishana kidogo sana, na fremu ya kuchanganya haina mahali pa kwenda kupotea. Tatizo ni sisi tulioiga ulaini wake bila kuiga wingi wa picha zake.

Kuna watu wanaoitumia kazi hii kwa kipimo. Nchini Marekani, tangu mwaka 2008, mtandao wa watafiti uitwao PhenoCam umefunga kamera zinazotazama misitu na nyika, kila moja ikipiga picha kila nusu saa mchana. Kutoka kwenye kila picha wanachukua kiwango cha kijani, wanakigawa kwa jumla ya nyekundu, kijani na buluu. Ni hesabu ya darasa la sita. Ijaribuni kwenye nukta yetu. Agosti ni 90 kwa 270, yaani 0.33. Desemba ni 110 kwa 230, takriban 0.48. Ile nukta ya kutungwa ni 100 kwa 250, sawa na 0.40, imekaa vizuri katikati kama mgeni mwenye adabu. Nukta ya kweli ya Oktoba ni 80 kwa 310, takriban 0.26. Kwa namba hizi kijani kinashuka kwanza ndipo kipande. Anayefuata ulaini wa kompyuta atachora mstari unaopanda moja kwa moja, na bonde lote lile la mwezi wa kumi hatalijua.

Hesabu hiyo ndiyo ninayopendekeza iwaongoze siku za kwenda kupiga. Pale inapobadilika upesi, nenda mara nyingi. Pale inapotulia, pumzika. Kugawanya mwaka katika vipande sawa ni mazoea ya kalenda. Na kama picha zako zimepishana miezi mitatu hapa na wiki mbili pale, usizipe zote fremu kumi kumi za katikati, maana utakuwa umewafanya watu waamini kwamba masika na wiki mbili za wekundu vina urefu mmoja.

Mtu anaweza kuniuliza kuhusu picha za setilaiti. Mwaka 2005 NASA ilitoa mkusanyiko uitwao Blue Marble: Next Generation, kazi iliyoongozwa na Reto Stöckli: picha 12 za dunia nzima, moja kwa kila mwezi wa mwaka 2004, zilizoundwa kutokana na data za kifaa cha MODIS kwenye setilaiti ya Terra. Kila nukta inabeba takriban mita 500 za ardhi. Zikiunganishwa, Afrika inaonekana vizuri kuliko bara lolote, nasema hivyo bila aibu ya upendeleo. Mwezi wa nane kijani kimepanda hadi Saheli, mwezi wa pili kimeshuka kwetu na kusini zaidi. Na hizo nazo zimelainishwa, picha 12 zikafanywa video ndefu. Je, ni uongo uleule? Kwa kiasi. Ila nukta ya mita 500 inameza miti maelfu, ardhi na nyasi kwa pamoja, na kila picha ya mwezi yenyewe imeshatungwa kutokana na siku nyingi ili kuondoa mawingu. Hakuna anayeitazama akitafuta mti. Ukisimama mbele ya mtundu mmoja hoja hiyo huna.

Niseme kidogo kuhusu kazi yenyewe ya mikono, kwa sababu vijana mmekuja na kamera.

Mahali pa kusimama ndiyo kila kitu. Ukielekeza lenzi pembeni kidogo, programu itarekebisha. Itaivuta picha, itaigeuza, utakata kingo na mambo yataisha. Ukisogea hatua moja kushoto, hakuna wa kukuokoa: mti wa karibu utakuwa umehama mbele ya kilima cha mbali, na ukioanisha mti, kilima kinacheza, ukioanisha kilima, mti unacheza. GPS ya simu haitoshi, inaweza kukukosesha kwa mita kadhaa. Gongelea msumari kwenye gogo la mwerezi au toboa jiwe, pima urefu wa stendi kwa kamba yenye fundo, na lenzi uliyoanza nayo ndiyo utakayomaliza nayo.

Programu za kuoanisha, Hugin kwa mfano, hutafuta zenyewe alama zinazofanana katika picha mbili. Kwa picha za dakika moja zinafanya vizuri. Kwa picha za misimu huchagua majani na nyasi, vitu ambavyo mwezi ujao havitakuwepo. Zima utafutaji huo, weka alama kwa mkono: ufa wa jabali, goti la shina, ncha ya kilima. Nne ni za lazima, nane ni salama.

Halafu jua. Vitabu vingi vitakuambia upige saa ileile kila mara, na vimeandikwa na watu ambao jua lao la mchana liko kusini mwaka mzima. Tabora iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Mwezi wa sita, saa sita mchana, jua liko kaskazini mwetu na kivuli kinalala kusini. Desemba limehamia kusini na kivuli kimegeuka kaskazini. Ukiunganisha picha hizo mbili, fremu ya katikati itakuwa na mti mmoja wenye vivuli viwili hafifu, kimoja kila upande. Mimi hupiga alfajiri, mwanga ukiwa umejaa lakini jua halijachomoza. Hakuna kivuli cha kugombana nacho, upepo umelala, na muda wa kuchomoza kwetu haupishani sana mwaka mzima. Rangi hutoka na ubuluu kidogo. Funga mizani ya rangi ya kamera, usiiache ijipangie yenyewe, la sivyo kamera itakapouona ule wekundu wa Oktoba itadhani ni kosa na kuupoza.

Kuhusu aina ya faili sitawachosha. GIF ilitolewa na kampuni ya CompuServe mwaka 1987, na kila fremu yake hubeba rangi 256 tu. Ule mzunguko usioisha ulienea baada ya kivinjari cha Netscape kuuwezesha mwaka 1995. Kwa katuni inatosha sana. Kwa anga la alfajiri linalofifia kuelekea anga lingine, rangi 256 zinatoa mistari kama ngazi. Tengeneza video ya kawaida, na WhatsApp hata ukiipa GIF huituma kama video.

Sijasema tuache kuunganisha. Ninachotaka ni kwamba mtazamaji ajue lini anatazama picha na lini anatazama hesabu. Njia ninayoitumia ni rahisi: picha halisi inakaa sekunde nzima bila kutikisika, na tarehe yake inaandikwa kwenye kona. Fremu za kuchanganya zinapoanza, tarehe inatoweka, na zinapita haraka, nusu sekunde basi. Watu huelewa bila kuelezwa. Ng'ombe akiwa amepita kwenye picha ya mwezi wa tatu, mwacheni. Atafifia kama mzimu, na watoto watacheka, lakini alikuwepo.

Kwa atakayeanza mwaka huu, ushauri wangu ni kuanza Agosti, mara tu moto ukishapita. Nyasi zimeisha, jabali lote linaonekana, unaweza kuchagua alama zako na kuona mashina hadi chini. Kuanzia mwanzoni mwa Septemba nenda kila wiki hadi mvua za kwanza zishike. Wekundu ukianza, nenda kila siku ya tatu, hata kama mti uliouchagua wewe bado mkavu na wa jirani umeshawaka. Baada ya Desemba mara moja kwa mwezi inatosha, ila nenda na panga, kwa sababu kufikia mwezi wa pili msumari wako utakuwa chini ya nyasi. Na waambieni wenye eneo mnachokifanya. Mtu mwenye stendi porini kabla ya mapambazuko hutiliwa shaka upesi.